Punda hakatiki: kuchagua picha na ufunguo wa grafu ya picha

Waambie watoto wa darasa lolote Lamu wachore grafu ya picha, na nusu yao watachora punda. Si ajabu, punda ndiye lori na mkokoteni wa kisiwa hiki. Punda wa kwanza hutoka vizuri. Wa pili huwa na masikio marefu kidogo, wa tatu hunenepa kwa sababu nafasi ilikuwepo. Kisha hufika safu inayotaka punda wawili na robo. Robo ya punda ni ipi? Mmoja atachora kichwa na shingo, jirani yake atachora mkia na mguu, na atakayesoma hana njia ya kujua kama ile ni robo, theluthi au nusu.

Grafu nyingi za picha huharibikia hapo, na kosa halikuanza kwenye penseli. Lilianza pale picha ilipochaguliwa bila kuufikiria ufunguo. Vitu hivi viwili huchaguliwa pamoja: ufunguo ndio unaosema picha itakatwa vipande vingapi, na picha lazima ikubali kukatwa hivyo.

Kwa watoto wadogo kabisa, ambao picha moja kwao ni kitu kimoja, hakuna tatizo. Waache wachore punda wao watano kwa punda watano. Shida huanza pale picha moja inapobeba vitu viwili, vinne, kumi au ishirini.

Grafu ya picha, ambayo wengine huiita piktogramu, ina sehemu chache: kichwa kinachosema ni idadi ya nini, majina ya makundi upande wa kushoto, safu za picha zenye ukubwa mmoja, na ufunguo. Ufunguo uandikwe kwa ukamilifu. "1 = 20" si ufunguo. Chora picha yenyewe, kisha uandike: inasimamia miti 20. Bila hivyo safu ya picha tatu na nusu husomwa kuwa vitu vitatu na nusu, na aliyesoma hivyo hajakosea, kwani alisoma kilichochorwa.

Sasa tuje kwenye korija. Miti ya mikoko huku kwetu imehesabiwa kwa korija tangu zamani, na korija moja ni miti 20. Kwa mwalimu wa hesabu hiyo ni zawadi, maana 20 ina nusu isiyo na mkia (10) na robo isiyo na mkia (5). Tuseme mfanyabiashara ana miti hii, kuanzia myembamba kwenda minene:

Fito 110
Pau 70
Mazio 45
Boriti 85
Nguzo 30

Nambari hizi ni za mfano tu. Kabla ya kuchora chochote, tafuta kipande kidogo kabisa kitakachohitajika. Njia yake ni kigawo kikubwa cha shirika: nambari gani kubwa inagawanya 110, 70, 45, 85 na 30 bila baki? Ni 5. Kwa hiyo kipande kidogo kitabeba miti 5. Ukitaka picha yenye robo, picha nzima ni 5 × 4, yaani 20. Ukitaka picha yenye nusu tu, ni 5 × 2, yaani 10.

Ipi bora? Jumla ya miti ni 340. Kwa ufunguo wa 10 utachora picha 34, na safu ya fito peke yake itakuwa na picha 11. Mtoto atachoka, na mtoto aliyechoka huanza kubana picha za mwisho. Kwa ufunguo wa 20 ni picha 17. Ukienda 40, fito zinakuwa 2¾, sawa, lakini mazio yanakuwa 1⅛, na hakuna mwanafunzi wa kuchora thumuni ikasomeka. Ufunguo wa 50 nao ni wa kutupa: 110 ÷ 50 ni 2 na moja ya tano. Kwa hiyo 20. Safu ndefu isizidi picha kumi, na kipande kisiwe kidogo kuliko robo. Ukishika mipaka hiyo miwili, mara nyingi ufunguo hujitokeza wenyewe.

Vijiti vya kuhesabia, yaani vistari vinavyochorwa kimoja kimoja wakati wa kuhesabu, navyo vinaingia hapa vizuri kuliko watu wanavyodhani. Kila kitu kimoja ni kijiti kimoja kilichosimama, na cha tano hupigwa mshazari kuvifunga vile vinne. Fungu moja ni 5. Mafungu manne ni 20, yaani korija, yaani picha moja. Fungu moja lililobaki ni robo. Mazio 45 ni mafungu 9: manane yanatoa picha mbili, moja linatoa robo. Mtoto anaweza kutoka kwenye vijiti hadi kwenye picha bila kugawanya hata mara moja, halafu akagawanya baadaye kuhakikisha. Kosa la kuangalia hapa ni mtoto anayesimamisha vijiti vitano kisha akapiga cha sita mshazari. Mafungu yake yote yana 6, na grafu yake itakuwa nadhifu na ya uongo.

Safu zetu basi ni hizi:

Fito: 5½
Pau: 3½
Mazio: 2¼
Boriti: 4¼
Nguzo: 1½

Jumlisha picha zenyewe kabla ya kuchora: 5½ + 3½ ni 9, 2¼ + 4¼ ni 6½, ongeza 1½, jumla 17. Na 17 × 20 ni 340. Hesabu hii huchukua nusu dakika na hukamata karibu kila kosa la kugawanya. Sijui kwa nini vitabu vingi huiruka.

Na picha? Usichore mti mmoja mrefu, kwani mti mmoja unaosimamia miti ishirini humchanganya anayeanza. Chora furushi la mraba lililofungwa kamba mbili zinazopishana katikati, kama mzigo wa duka. Kamba hizo zinaligawa furushi vipande vinne sawasawa, na kila kipande ni miti 5. Kwenye daftari la miraba ya nusu sentimita, furushi moja huchukua miraba miwili kwa miwili, yaani sentimita 1 kwa sentimita 1, na robo ni mraba mmoja hasa. Hakuna kukisia kwa macho.

Anza kwa kupiga mstari wima mmoja sentimita 3 kutoka ukingo wa kushoto, ili majina yapate nafasi. Kila safu ianzie kwenye mstari huo. Furushi, mraba mmoja wazi, furushi, mraba mmoja wazi. Safu ya fito, iliyo ndefu kuliko zote, itakula miraba 16, yaani sentimita 8, na itaingia hata kwenye daftari dogo. Kati ya safu na safu acha miraba miwili. Furushi la tatu la pau likae chini ya furushi la tatu la fito hasa, la nne chini ya la nne. Hapo jicho linalinganisha safu kwa urefu hata kabla ya kuhesabu. Mtoto akiacha nafasi pana kwenye safu ya nguzo "ili ijaze ukurasa", miti 30 itaonekana kama 70.

Daftari likiwa na miraba mikubwa ya sentimita moja, usipunguze picha. Ligeuze daftari lilale.

Kipande kikae mwisho wa safu, kulia, wala kisiwe katikati. Kubalianeni darasa zima: robo ni mraba wa chini kushoto, nusu ni miwili ya kushoto, robo tatu ni yote isipokuwa wa juu kulia. Wanaoanza wanaweza kuonyesha sehemu isiyokuwepo kwa mstari wa nukta, mradi vipande vilivyopo vipakwe rangi. Wasipopaka, msomaji ataona furushi zima na kulihesabu zima.

Kuna mtego mmoja ambao mfano huu wa miti huuleta, na ndiyo sababu naupenda. Nguzo ni nene na fito ni nyembamba. Mtoto wa Lamu amezaliwa chini ya boriti na anajua hilo. Kwa hiyo atataka kuchora mafurushi makubwa kwa nguzo na madogo kwa fito. Anaona anasema kweli. Tuseme furushi la fito ni sentimita 1 kwa 1, na la nguzo ni 2 kwa 2. Furushi la nguzo limekuwa mara mbili kwa urefu, lakini eneo lake ni mara nne. Safu ya fito ina 5½ × 1, yaani sentimita za mraba 5½ za rangi. Safu ya nguzo ina 1½ × 4, yaani 6. Nguzo 30 zimepata rangi nyingi kuliko fito 110! Aliyetupia jicho ukurasa huo ataondoka akijua kinyume cha hesabu.

Kanuni ya kuongeza idadi ya picha badala ya kukuza picha ilishikiliwa sana na Otto Neurath, mwanauchumi na mwanafalsafa wa Austria, aliyefungua jumba la makumbusho mjini Vienna mwaka 1925 ili wafanyakazi wa kawaida wasome takwimu za nchi yao. Akiwa na Marie Reidemeister na mchoraji Gerd Arntz, alitengeneza mtindo wa picha uliokuja kuitwa Isotype. Picha zao zilichongwa, zikachapwa tena na tena, kila moja sawa na mwenzake.

Na sisi tunaweza kuchapa. Kata kiazi mbatata katikati, chonga uso wake uwe mraba wenye mfereji unaokata msalaba, ukaushe kwa kitambaa, uchovye kwenye bizari ya manjano iliyokorogwa na maji kidogo iwe nzito. Kiazi kikiwa na majimaji, rangi hutawanyika na mfereji hupotea, ndiyo maana ya kukausha. Muhuri wa kiazi ukiwa wa sentimita 1 utakatika, kwa hiyo fanya wa sentimita 3 na utumie karatasi kubwa ya ukutani. Kwa nusu, funika sehemu isiyotakiwa ya karatasi kwa kipande cha gazeti, piga muhuri, ondoa gazeti. Picha zote zitalingana bila kugombezana na mtu.

Wasio na miti ya kuhesabu watumie kitu kingine kinachokatika. Nazi ni nzuri kwa nusu, kila mtu ameshaona nazi ikivunjwa vifuu viwili. Chapati hukatika robo. Boksi, kipande cha sabuni, chungwa, vyote vinafaa. Samaki anaweza kuvumilia nusu ukimkata katikati ya urefu wake, ingawa upande wa kichwa siku zote huonekana mkubwa; robo hawezi. Jahazi halikatiki, kwa sababu nusu moja ina tanga na nyingine ina shetri. Paka tumwache.

Kosa jingine halihusu kukata. Tuseme darasa lina wanafunzi 45, na swali ni wanafikaje shuleni: kwa miguu 28, kwa boti 8, kwa punda 6, kwa bodaboda 3. Karibu wote watachora viatu kwenye safu ya kwanza, boti kwenye ya pili, punda kwenye ya tatu. Inapendeza, lakini kinachohesabiwa ni nini? Ni wanafunzi. Punda mmoja huweza kubeba watoto wawili, boti moja ikabeba wote wanane. Safu yenye picha za boti inasema idadi ya boti. Aina ya usafiri imeshaandikwa kushoto. Picha iwe ya mwanafunzi, na ile ile safu zote. Uso wa duara unatosha. Ufunguo wa 4: miguu nyuso 7, boti 2, punda 1½, bodaboda robo tatu ya uso. Jumla 11¼, mara 4, ni 45.

Kwenye kusoma, maswali ya moja kwa moja hayasumbui: hesabu picha, zidisha kwa ufunguo, ongeza kipande. Yanayosumbua ni yale ambayo ufunguo umefichwa. Mfano: grafu ya mahamri yaliyouzwa ina picha 3½ Jumatatu, 5 Jumanne na 2¼ Jumatano. Umeambiwa Jumatatu yaliuzwa 42. Mwanafunzi akijaribu 42 ÷ 3½ atakwama kwenye sehemu. Mwambie ageuze picha zote kuwa nusu: 3½ ni nusu 7. Nusu saba ni mahamri 42, nusu moja ni 6, picha nzima ni 12, yaani dazeni. Jumanne ni 60. Jumatano ni 24 na robo ya dazeni, 3, jumla 27.

Wakiulizwa Jumanne iliizidi Jumatano kwa mahamri mangapi, wengi hutafuta 60 na 27 kwanza. Si kosa. Njia fupi ni kutoa picha: 5 toa 2¼ ni 2¾, na 2¾ za dazeni ni 33. Anayeweza njia hii ameielewa grafu. Anayeweza ile ya kwanza tu ameielewa kuzidisha. Swali la "mara ngapi" hata halihitaji ufunguo. Kwenye miti yetu, fito 5½ kwa nguzo 1½ ni nusu 11 kwa nusu 3, yaani mara tatu na theluthi mbili, ufunguo uwe 20 au uwe 200.

Watunga maswali nao wajihadhari na ufunguo usiogawanyika. Picha moja ikisimamia mahamri 15 na safu ikawa na nusu picha, jibu ni mahamri saba na nusu, na hakuna aliyeuza nusu hamri. Ukitaka nusu, ufunguo ugawanyike kwa 2. Ukitaka robo, ugawanyike kwa 4. 10 kwa hiyo haina robo ya haki kwa vitu vizima, na hili husahaulika sana kwa kuwa 10 inaonekana nambari rafiki.

Je, nambari ikikataa? Mazio yangekuwa 47 badala ya 45, kwa ufunguo wa 20 utapata picha mbili, kipande kimoja cha 5, na 2 zimebaki. Usijaribu kuchora sehemu mbili za ishirini. Chora 2¼, andika 47 mwishoni mwa safu, na chini ya grafu useme picha zimekadiriwa hadi 5 iliyo karibu. Yangekuwa 48, ungekadiria 50 na kuchora 2½. Nambari nyingi zikikataa hivyo, grafu ya picha siyo chombo chake. Hamia kwenye grafu ya pau, ambayo inapima kwa mhimili wenye namba na haina wasiwasi na 47. (Wenye kuezeka hawatashangaa na neno pau hapo.)

Kundi lenye sifuri halifutwi. Jina lake liandikwe, safu iachwe tupu, na 0 iwekwe mwanzoni mwa safu. Ukilifuta, msomaji atadhani hukuuliza.

Wakati wa kusahihisha, usianze na uzuri wa picha. Wape wanafunzi wabadilishane daftari, kila mmoja akiwa amefunika jedwali lake la mwanzo. Anayepokea asome grafu ya mwenzake na aandike jedwali upya kutoka kwenye picha peke yake. Kisha majedwali mawili yawekwe pamoja. Fito zikirudi 110 na mazio yakirudi 50, nendeni moja kwa moja kwenye kipande cha mwisho cha safu ya mazio mkaangalie kama ile robo ilichorwa mraba mmoja au miwili. Yote yakirudi mara ishirini pungufu, tafuteni ufunguo. Huenda umeandikwa nyuma ya karatasi.